Sampuli ya Sita

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Sikio alivua viatu mlangoni mwa chumba cha kimya, akavua saa na bangili mbili, akaziweka kwenye kisahani cha plastiki kilichokuwa hapo kwa kazi hiyo. Kisha akaingia na feni ya kwanza mkononi na kuvuta mlango mzito nyuma yake. Kuta za chumba kile zilikuwa zimejazwa sponji zilizochongwa kama meno ya mamba, na sauti yoyote iliyotolewa mle ilimezwa kabla haijafika popote. Wageni walioingia walikohoa mara moja, wakasikia kikohozi chao kikifia mdomoni, wakaomba kutoka. Sikio alikuwa amefanya kazi mle miaka sita. Jina alilopewa na wazazi halikutumika kiwandani. Hata orodha ya mahudhurio ilimwita Sikio.

Kazi ya wiki ile ilikuwa kulinganisha feni tano za kupoza prosesa, zile zinazokaa juu ya ubongo wa kompyuta ili usiungue ukiwa unafikiri. Nne zilikuwa za makampuni mengine, ya tano ilikuwa ya kwao. Kila moja ilifungwa juu ya kipande cha aluminiamu kilichopashwa moto mpaka nyuzi sitini, ikazungushwa kwa kasi tatu, ikapimwa kutoka umbali wa mita moja. Kando ya namba, fomu ilikuwa na nafasi pana iliyoandikwa "Maelezo". Wapimaji wengi waliiacha wazi. Sikio aliijaza.

Feni ya kwanza ilitoa desibeli thelathini na tisa. Aliandika: "Nyuki ndani ya chupa, na chupa imezibwa." Ya pili, thelathini na sita: "Mtu anayenong'ona huku amekasirika." Ya tatu, thelathini na tatu: "Inavumilika, ila kila mzunguko kuna kinachogonga, kama mtu anayebisha hodi na hajui kama yuko nyumba sahihi." Ya nne, ishirini na nane: "Pumzi ya mtoto mwenye mafua."

Kwa ya tano ilimbidi abane pumzi, maana pumzi yake ilikuwa na kelele kuliko feni. Mshale wa mita ya sauti ulitua kwenye kumi na sita, ukabaki hapo. Kwenye maelezo hakuandika kitu. Alikaa kidogo akiwa ameshika kalamu, na mguu wake wa kulia ukawa unatikisika wenyewe. Ulikuwa na tabia hiyo kwa miezi miwili sasa.

Kiwanda kizima kilijua kimya kile kinatoka wapi. Mashine zilisawazisha mapanga ya feni mpaka mahali fulani, zikashindwa. Baada ya hapo feni zilipelekwa kwenye benchi ya mwisho, walikokaa wanawake thelathini na mmoja. Mwanamke aliishika feni ikiwa inazunguka, kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, akafumba macho, na kwa mkono wa kulia akabandika chembe ya nta nyuma ya panga moja, ndogo kama yai la chawa. Akasikiliza. Akaibandua, akaihamishia panga jingine. Nta ikipata mahali pake, mvumo ulitoka kwenye feni, ukapita vidoleni, ukapanda mkono na kuingia mwilini. Feni ikabaki kimya, ikatiwa kwenye boksi. Mwanamke akachukua nyingine.

Mwaka wa kwanza na wa pili mtu hakuona tofauti. Kufikia mwaka wa nne, alikuwa akivuma.

Dada yake Sikio alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye benchi ile. Kazini walimwita Mizani, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kusawazisha. Nyumbani, ghorofa ya pili, waliishi wanne katika vyumba viwili: mama yao, Sikio, dada, na binti wa dada mwenye miaka kumi, ambaye walimwita Kipaza. Mvumo ulipoanza, wote walidhani ni friji ya jirani. Jirani akauza friji, mvumo ukabaki. Tangu hapo walizoea. Dada akipita kando ya kabati, glasi ziligongana kidogo na kutulia. Paka wa ngazini alipanda kila mchana kuja kulala mapajani mwake. Mbu walimkwepa. Kwenye foleni ya zahanati watu walitazama huku na huku wakitafuta mashine, kisha wakamtazama yeye, kisha wakasogea mbele kidogo.

"Angalau huyu sihitaji kumtafuta," mama yao alikuwa akisema. "Nikifumba macho najua yuko chumba gani."

Mume wa dada alikuwa ameaga mwaka wa saba, akasema anakwenda kwa kaka yake kupata usingizi wa siku mbili tatu. Mpaka leo hajaamka. Kipaza naye, kwa kuwa alikulia kando ya mvumo wa mama yake, aliongea kwa kupaza sauti hata akiomba chumvi. Mwalimu wake alikuwa ameandika barua tatu. Ya mwisho ilisema mtoto ana akili, lakini darasa la ng'ambo ya ukuta linajibu maswali anayouliza yeye.

Sikio ndiye aliyekosa pa kupumzika. Katika chumba cha kimya alisikia damu yake ikipita masikioni. Nyumbani alimsikia dada yake kupitia ukuta, meza na mto wa kulalia. Alikuwa akiosha vikombe visafi. Alikuwa akisogeza kiti kutoka kona hii hadi ile, akakikalia, akainuka, akakirudisha. Alijua kwa nini. Kila sampuli ya feni iliyotoka kwenye benchi ya dada yake iliingia chumbani kwake, na ni yeye aliyeandika kwamba ni kimya.

Jumanne hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, mwenye nyumba alibisha hodi. Alikaribishwa, lakini hakukaa. Aliweka kiganja ukutani, kisha akaweka sikio.

"Mnasaga nini humu?"

"Hatusagi kitu, baba," mama alimjibu. "Ni huyu binti yangu mkubwa. Anavuma."

Dada alikuwa mezani akimenya viazi. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba." Mwenye nyumba alimsogelea, akamsikiliza kwa makini, jinsi mtu anavyosikiliza gari kabla ya kulinunua. "Mzimeni, basi, walau mchana. Mpangaji wa chini ana mtoto mchanga, anasema kitanda cha mtoto kinatembea."

"Hazimiki," mama alisema.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema mwenye nyumba, bila ubaya, kwa sababu tu lilimjia.

"Hili limejaa, baba," dada alisema, akachukua kiazi kingine.

Mwenye nyumba alitikisa kichwa kukubali. Akawapa hadi mwisho wa mwezi. Mlangoni alisema hana kinyongo nao, kwamba aliwahi kuwa na mpangaji mwingine wa kiwanda hichohicho, mama mmoja mpole sana, wakasikilizana vizuri mpaka vigae vya paa vilipoanza kuporomoka.

Alipoondoka, mama alifunga mlango. "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema. "Hawakusema huo mshindo utapanga chumba kwa nani."

"BIBI, TUNAHAMA?" Kipaza aliuliza.

Kutoka chini wakasikia mpangaji wa chini akijibu kwamba ndiyo.

Usiku Sikio aliwaza mpaka akapata la kufanya. Kiwandani, jambo lisilo na namba liliitwa lalamiko. Malalamiko yalitumbukizwa kwenye sanduku la mbao karibu na vyoo, ambalo ufunguo wake ulipotea kabla yeye hajaajiriwa. Jambo lenye namba liliitwa taarifa, na taarifa zilisomwa. Kwa hiyo kesho yake, saa ya chakula, alimwita dada yake kwenye chumba cha kimya.

Dada alivua viatu, akavua hereni, akaingia. Alikuwa hajawahi kuufikia mlango ule, ingawa feni zake zilipita hapo kila wiki. Sikio aliondoa kipande cha kufungia feni, akaweka kigoda mahali pake.

"Nikae vipi?"

"Kaa tu. Usiongee."

Alipokaa alitoa desibeli arobaini na nne. Sikio akamwambia atembee: hamsini na mbili. Kisha dada akatazama sponji, akasema zinamkumbusha visigino vya shangazi yao, akacheka. Mshale ukapanda mpaka sitini na moja, ukashuka polepole. Sikio aliandika zote tatu.

Aliponyanyua macho, dada alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mle ndani hapakuwa na barabara, wala bomba la maji, wala redio ya mtu, na kwa mara ya kwanza alikuwa akiusikia mvumo wake wote.

"Nilidhani ni kidogo," alisema. "Nilidhani mnatia chumvi."

"Hatukutia."

"Na mwanangu analala kando ya hii?"

"Ndiyo."

Dada aliweka kiganja chini ya shingo, akakihamishia ubavuni, kisha tumboni, kama anayetafuta kitu mfukoni. "Huyu feni hapa ni wa wiki ile ya mafuriko," alisema. "Alinisumbua asubuhi nzima, mbishi kweli. Na huyu mwembamba wa huku pembeni ni wale wa mapanga tisa. Waliwatengeneza mwaka mmoja tu, wakawaacha." Alisikiliza tena. "Wapo wote. Hakuna aliyetoka."

Sikio alipiga hesabu ukingoni mwa karatasi: feni sitini kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, miaka kumi na mmoja. Karibu laki mbili. Kila moja ilifika kwenye benchi ikiwa na desibeli thelathini na moja, ikaondoka na kumi na sita. Alitafuta kama kuna kiasi kilichopotea njiani. Hakukuwa.

Kwenye fomu, chini ya feni tano, alichora mstari mpya na kuandika: sampuli ya sita. Kampuni: ya kwetu. Namba akazijaza. Kwenye maelezo aliandika neno, akalikata, akaandika jingine, akalikata nalo. Mwisho akaandika: "Dada yangu."

Mkuu wa vipimo alikuwa mtu mwema, asiye na makuu, aliyekula karanga moja moja ili asisumbue mtu. Aliisoma fomu yote na kalamu mkononi. Alipofika mstari wa mwisho aliusoma mara mbili.

"Ya sita ina kelele."

"Ndiyo, mkuu."

"Ni ya kwetu kweli?"

"Ya kwetu."

"Inapoza nini?"

Sikio alifikiri. "Haipozi kitu. Inapokea."

"Basi haiwezi kulinganishwa na zinazopoza," alisema mkuu wa vipimo, akaweka rula na kuikata sampuli ya sita kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akahuzunika kidogo, kwa sababu hakupenda kupoteza kipimo kilichofanywa vizuri. "Lakini namba ni namba. Siwezi kuitupa. Inakili, uipeleke kwa afisa usalama."

Afisa usalama alikuwa na picha kubwa ya sikio la ndani ukutani na kitabu cha kanuni chenye vialamisho vya rangi. Alimkalisha Sikio, akampa maji, akasoma namba. Hakuuliza sampuli ya sita ni nini. Siku hiyohiyo asubuhi alikuwa amesimama nyuma ya mwanamke mmoja wa benchi ya mwisho kwenye mlango wa kantini, akamsikia.

"Kelele anayoisikia mfanyakazi isizidi themanini na tano," alisoma. "Haijazidi. Tuko salama hapo. Kelele anayoitoa mfanyakazi..." Alifunua kurasa, akarudi nyuma, akaangalia faharasa. "Hiyo haikuandikwa."

"Haiwezi kuandikwa?"

"Inaweza, ila si na mimi." Akaendelea kufunua. Kidole kikasimama. "Ipo hii. Chanzo chochote cha kelele kinachozidi arobaini hakiruhusiwi ndani ya mita hamsini kutoka chumba cha kimya." Alikunjua ramani ya kiwanda mezani, akapima kwa rula. Benchi ya mwisho ilikuwa mita thelathini na mbili kutoka mlango wa Sikio. Afisa usalama aliinua uso, na shukrani zake zilikuwa za kweli. "Umefanya vizuri kuleta hili. Miaka yote hii tumekuwa tukivunja kanuni."

Ijumaa wanawake wote walipimwa getini. Ishirini na wawili walizidi arobaini. Walipewa barua za heshima, wakahamishiwa banda la nyuma, kando ya jenereta, pamoja na kipande cha benchi chao. Mle bandani jenereta zilinguruma kutwa, na mwanamke alilazimika kuishika kila feni mara mbili ya muda wa zamani ndipo aupate mvumo wake. Ukishikwa muda mrefu, mvumo uliingia mwingi zaidi. Wiki ya pili bandani, sampuli mpya ya feni yao ilisoma kumi na tano badala ya kumi na sita, na kadi ya pongezi ikabandikwa ukutani.

Nyumbani dada alifika hamsini na moja akiwa amekaa tu. Sikio hakuhitaji tena mita, glasi zilimwambia.

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Ulitaka namba, ukaipata. Sasa kaa chini."

"Siwezi kukaa."

"Naona. Tangu nimeingia umezunguka hii meza mara kumi na nne. Kati yangu na wewe, feni ni nani?"

Sikio alikaa. Mguu ukaanza. Akainuka, akaenda kukunja nguo zilizokunjwa.

Ilibaki siku moja ya kutegemea, nayo ilikuwa Jumatatu ya wiki ya nne, siku ya mnunuzi. Kampuni moja kubwa ilitaka kuagiza feni kwa ajili ya kompyuta zake zote, na mtu wao alikuwa anakuja kusikiliza mwenyewe. Sikio alijisemea kwamba mtu anayesafiri njia nzima hiyo kwa ajili ya sauti lazima awe anajua sauti ni nini. Huyo, Sikio atamwambia. Liwalo na liwe.

Mnunuzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya soli laini na daftari dogo. Alivua viatu kabla hajaambiwa. Aliingia chumba cha kimya pamoja na Sikio na mkuu wa vipimo, hakukohoa, akafumba macho. Sikio aliwasha feni ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kuna kinachogonga," alisema mnunuzi.

Katika miaka sita hakuna mtu mwingine aliyekisikia bila kuonyeshwa. Sikio alimpenda palepale. Aliwasha ya nne. Akawasha ya tano, na mnunuzi akaisogelea hatua moja, kisha nyingine.

"Sisikii kitu," alisema hatimaye, taratibu. "Nimeitafuta hii miaka mitatu. Kompyuta zetu zinakwenda maktaba. Zinakwenda wodini, kando ya vitanda vya watu mahututi. Unajua mgonjwa wa hivyo anaweza kunyimwa usingizi na nini? Na kitu kidogo tu kama kile cha feni ya tatu."

"Najua," Sikio alisema.

Hapo mshale wa mita ulianza kupanda. Ulipita ishirini, ukapita thelathini na moja, ukafika arobaini na nane. Mvua ya asubuhi ilikuwa imejaza maji kwenye njia ya uani, na wanawake wa bandani walikuwa wakienda kantini kupitia ndani, wakipita mlango wa chumba cha kimya mmoja mmoja. Sponji zilianza kutikisika ncha.

Mnunuzi alifumbua macho. "Hiyo ni nini?"

Mkuu wa vipimo alimtazama Sikio. Hakumzuia. Maelezo siku zote yalikuwa kazi ya Sikio.

"Ni feni zako," Sikio alisema.

Akaeleza. Alieleza vidole viwili, nta, mkono, mwaka wa nne. Alieleza kitanda cha mtoto wa chini kilichotembea, barua za mwalimu, vigae, banda la jenereta. Hakuwa amewahi kuongea kwa muda mrefu hivyo mle ndani, na kila neno lilikufa kidogo tu mbele ya midomo yake, lakini mnunuzi alimsogelea mpaka karibu na kuyasikia yote. Hakumkatiza. Alipomaliza, mnunuzi aliomba mlango ufunguliwe.

Dada alikuwa akipita. "Habari za kazi," mnunuzi alimsalimia.

"Nzuri, karibu."

Mnunuzi aliomba ruhusa, akamwekea kiganja begani. Alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, kama alivyosikiliza zile tano. Uso wake ulibadilika. Sikio aliuona ukibadilika.

"Ni kweli," alisema mnunuzi. "Zimo humu." Akamgeukia Sikio. "Na huu mvumo, ukishaingia kwao, haurudi kwenye feni?"

"Haurudi."

"Hata baada ya miaka? Hata joto likizidi?"

"Haijawahi kutokea."

"Basi hapo sina wasiwasi," alisema mnunuzi, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Akamgeukia dada. Macho yake yalikuwa na maji, na hakuyaficha. "Pole sana, dada yangu."

"Nimeshapoa," dada alijibu, kama inavyojibiwa, akaendelea na njia ya kantini kabla chakula hakijaisha.

Mnunuzi alisaini mkataba alasiri ile. Aliomba benchi iongezwe watu mara mbili, na aliomba pia, kwa maandishi, kwamba wanawake wapewe viti vyenye mito. Viti vilipatikana kumi. Sikio naye aliletewa taarifa ya mlinganisho atie saini chini ya sentensi moja: kati ya feni tano zilizopimwa, ya tano ndiyo yenye kelele ndogo kuliko zote. Aliisoma akitafuta uongo. Hakuuona. Alisaini, kisha akaenda msalani kunawa mikono, na akainawa tena.

Mwisho wa mwezi walihama. Walipata vyumba viwili katika mtaa wa mafundi mbao, ambako misumeno ya umeme ilianza saa moja asubuhi na kuacha jioni. Mwenye nyumba wa huko hakuuliza chochote kuhusu kelele; mama alipojaribu kumweleza, aliweka mkono sikioni, akatabasamu, akampa funguo. Pale dada alipotea katika sauti za mtaa kama tone ndani ya mtungi. Kipaza aliongea kama alivyoongea siku zote, na watu walimsifu kwa kuwa msichana anayejieleza vizuri. Mwalimu wa shule mpya hakuandika barua. Mama peke yake alilalamika, kwamba sasa akifumba macho hajui mwanawe yuko chumba gani.

Wiki ya tatu binti mmoja wa mtaani alikuja kuulizia kazi, kwa kuwa benchi ilikuwa inajaza nafasi. Dada alimkalisha, akamweleza kila kitu, akampa mkono ausikie mwenyewe. Yule binti aliushika mkono kwa heshima, akasikiliza, akasema kwao wako tisa, kelele wameizoea. Akauliza kama wanatoa chakula cha mchana. Alianza Jumatatu, na Alhamisi feni zake za kwanza ziliingia chumba cha kimya. Zilisoma kumi na tisa. Sikio aliandika kwamba zina matumaini.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, umeme ulikatika. Misumeno ilizima mmoja baada ya mwingine kuanzia juu ya mtaa kwenda chini, na vumbi la mbao likaendelea kushuka hewani bila sauti. Watu waliacha kupiga kelele, maana hapakuwa na kitu cha kushindana nacho. Sikio alikuwa amesimama dirishani, akihama kutoka mguu huu kwenda ule. Alisikia kimya kikifika kwao, na ndani ya kimya akamsikia dada yake akifua nyuma ya nyumba. Alikuwa amefika hamsini na nane.

Mtaa nao ulisikia.

"Umerudi!" mtu alipiga kelele.

Mafundi waliinuka, wakakung'uta suruali, wakarudi kwenye misumeno yao na kubonyeza swichi. Misumeno haikuzunguka. Mama mmoja ng'ambo alifungua friji kuona kama taa inawaka, akaifunga, akaifungua tena. Walisimama milangoni, wakaelekeza masikio, wakaanza kuufuata mvumo, wawili watatu, kisha kundi, mpaka mlangoni kwa akina Sikio. Fundi mzee aliyekuwa mbele alibisha hodi.

Dada alitoka, mikono ikiwa imejaa povu.

"Samahani, mama," alisema fundi. "Kwenu umeme umerudi?"

"Bado," dada alisema. "Ni mimi tu."

Fundi mzee alisikiliza kidogo ili awe na uhakika. Kisha akashukuru, akageuka, akawaambia wenzake, nao wakarudi kukaa juu ya mbao zao, kusubiri.